Siku Tatu za Ua la Kasongo

Salima,

Saa hizi uko Mabanga kwa mama yako mkubwa, unakula wali wa kuagwa, na ninavyowajua watu wa nyumba ile hawatakuachia kabla ya jioni. Mimi nimekaa hapa uani kwenye kiti changu chenye mguu mmoja mfupi. Nimeweka kipande cha ubao wa tripleksi mapajani, naandika. Jua bado liko juu ya ziwa. Nataka nimalize kabla hujagonga geti, kwa sababu ukishaingia nitaanza mzaha kama kawaida yangu, na mzaha ndio ulionifikisha hapa nilipo.

Habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya namna ya kuficha karatasi zako mpakani, mama yako ameshaisema mara tatu na ya nne ataisema kesho asubuhi. Mimi siingii humo. Juu ya kazi ya uuguzi unayoiendea Kindu sina la kukufundisha pia. Mimi ni fundi wa mawe, nimejenga kuta za nusu ya mtaa huu, na jiwe haliugui.

Nataka kukuambia habari ya mmea. Ule pale ukutani, unaousema kwa wageni kwamba ni mboga isiyolika.

Jumatatu uliniomba kitu. Ulikuwa unafunga sanduku, ukasema: "Papa, unipatie katawi kamoja ka muti ya koko, niende nako Kindu." Nikakujibu kwamba kule mti huo wa bibi yako unaota hadi kwenye paa za vyoo, hakuna haja ya kuubeba. Kisha nikatoka nje na sikurudi mpaka chakula kilipopoa. Uliniona nimekasirika. Sikuwa nimekasirika, mwanangu. Niliogopa.

Bibi yako, mama yangu, hakuwahi kuupanda mmea ule. Ulikuwa pale kwetu Kasongo, upande huohuo wa Kindu, kabla yake, umelala juu ya ua wa nyuma wote, na mbuzi waliula na ukaota tena. Maua yake hufunguka jua linapozama, yakiwa meupe. Kesho yake yanakuwa ya rangi ya ulimi wa mtoto. Siku ya tatu yanakuwa mekundu kabisa, kisha yanaanguka. Kwa hiyo shada moja linaweza kuwa na rangi zote tatu, na sisi watoto tuliliita ua la siku tatu. Bibi yako alikuwa na desturi yake. Mtu wa nyumbani akisafiri, anaangalia shada lililofunguka jioni ile ya mwisho, analifunga uzi, halafu halichumwi. Likifika wekundu anasema, basi, amefika, na anarudi jikoni. Safari za siku zile zilikuwa za siku tatu, au yeye aliamua kwamba ni za siku tatu, sijui. Nilipoondoka kuja Goma nikiwa kijana, alinifungia shada langu. Mimi nilitumia siku kumi na saba njiani kwenye malori, lakini kwake yeye nilifika siku ya tatu, na alilala vizuri.

Alipofariki nilikwenda kuzika, nikarudi na kitawi. Nilikichomeka ndani ya kipande cha mgomba chenye maji, nikakifunga kwa nguo yake, nikakishika mapajani njia nzima. Madereva walinicheka. Kilifika kikiwa na majani mawili.

Goma hatuna theluji, lakini mmea ule umezoea kulala kwenye joto, na hapa usiku unalala na upepo wa ziwa na ukungu unaoshuka kutoka volkano. Mwaka wa kwanza majani yaligeuka zambarau yakadondoka. Wa pili ulikua urefu wa mkono wangu ukasimama. Jirani zetu walikuwa na ortansia na mawaridi, vitu vinavyopenda ubaridi, na mimi nilikuwa na kijiti. "Papa Salima, uivalishe koti," walisema wakipita. Na mimi, kwa ubishi wangu unaoujua, nikazidi kukaza.

Nilijifunza. Niliacha kuumwagilia asubuhi, maana maji ya asubuhi hapa ni baridi na yanaishtua mizizi. Nilijaza bidoni la maji, nikaliweka juani hadi alasiri, ndipo nikamwagilia. Nilipanga mawe meusi nyuma yake, kwa sababu jiwe la volkano linakunywa jua mchana kutwa na kulitoa polepole giza likiingia. Weka kiganja chako kwenye ukuta wetu saa mbili usiku utaona. Mvua ikinyesha na moshi wa mlimani, nilitoka kuosha jani moja moja, vinginevyo yanaungua madoadoa. Wewe ulikuwa na miaka sita, saba, ulinishikia kamba ya nailoni nikiufunga, kwa sababu mmea huu hauna mikono ya kujishikia, unaegemea tu na kusukuma. Shabani, mdogo wako, alikuwa akibeba vijiwe kwenye shati, anavimwaga penye njia, nami namfokea, naye anaviokota tena. Zilikuwa siku nzuri. Naziandika hapa kwa sababu sijawahi kukusimulia, na si haki ukue bila kujua kwamba tuliwahi kucheka katika uwanja huu.

Miaka minne, hakuna ua hata moja. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kutumia ufundi wangu.

Unakumbuka kule chini kwenye pembe ya uwanja, palikuwa na bonde dogo, mahali ambapo lava ya zamani ilipoa ikaacha bakuli. Upepo haukufika mle. Mchana ukikanyaga, joto linakupanda miguuni. Nikasema, huyu nitamjengea nyumba. Nilichukua baramini, mtaimbo wangu wa kuvunjia mawe, nikachimba kwenda chini wiki tatu, kila siku nikitoka kazini. Siku ya mwisho jiwe la chini lilipasuka, ukatokea ufa wa upana wa kidole. Nilifurahi, nikajiambia maji yatapata pa kutokea. Nikamwaga magunia ya udongo wa Masisi, nikauhamishia mmea kwenye ukingo wa ndani. Ulipanda kama uliokuwa unasubiri kuitwa. Miezi minne baadaye ulitoa matumba.

Hapa ndipo yanapoanza yale ambayo hujui.

Niliokota mijusi miwili mle chini, imekufa. Nikasema ni paka. Wiki iliyofuata njiwa. Kisha kuku wa Mama Aline wa jirani, mzima, bila jeraha. Nikamtupa kwenye shimo la takataka na sikusema kitu, kwa sababu Mama Aline ana mdomo na sikutaka maneno. Mimi ni mtu wa mji huu, Salima. Najua mazuku ni nini. Kila mtu hapa anajua kwamba kuna pumzi mbaya inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde, haina harufu, haina rangi, na asubuhi kabla ya jua na upepo ndipo inapokuwa nzito. Nililijua neno hilo tangu siku ya kwanza nilipofika Goma. Nililisukuma tu pembeni, maana matumba yalikuwa yanavimba.

Papa Bahati, yule fundi wa chukudu, baiskeli zile za mbao za kubebea mizigo, aliyekaa nyumba ya mbao karibu na barabara, ndiye aliyenijia. Alikuja alfajiri na mshumaa uliofungwa kwenye ncha ya fito. Hakunisalimia sana. Aliuwasha, akaushusha polepole ndani ya bakuli langu. Ulipofika usawa wa goti, ulizimika. Hakukuwa na upepo. Akauwasha tena, akaushusha tena, ukazimika palepale.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

"Uifunike leo, papa. Uko na batoto hapa."

"Siku tatu tu."

"Siku tatu za nini?"

"Maua," nikamjibu. "Yatafunguka leo jioni. Yakishaanguka nitafunika."

Aliniangalia kwa muda, namna unavyomwangalia mlevi unayemheshimu. Akasema, "Basi ukataze batoto." Akaondoka na fito yake.

Nilikataza. Sikiliza nilivyokataza, kwa maana neno hili nimelibeba miaka kumi na miwili. Jioni ile tukila, badala ya kusema kule kuna kifo, nilisema: "Mule mu shimo muko chui ya papa. Mutoto akiingia, inamukula." Nikaunguruma. Wewe ulicheka. Shabani alicheka hadi akapaliwa na ugali. Mama yako akaniambia niache kuwatisha watoto, nikaunguruma tena. Sikutaka mama yako ajue, kwa sababu angelifunika shimo usiku uleule kwa mikono yake.

Maua yakafunguka. Meupe, jioni. Nilikaa ukingoni nikalia kwa ajili ya mama yangu. Siku ya pili yakabadilika. Siku ya tatu ilikuwa Idi.

Asubuhi ile unaijua kuliko mimi. Ulikuwa umekaa kizingitini, mama yako anakusuka, ukayaona mekundu kule mbali, ukataka ya kuvaa kichwani. Ukamwambia Shabani, "Kaniletee." Akaenda. Mimi nilikuwa ndani nikinyoosha kanzu. Jua lilikuwa halijafika kwenye bonde.

Nilipomfikia nilibana pumzi nikashuka, nikamwinua. Alikuwa hana jeraha, kama kuku yule. Wewe ulikuja mbio na nusu ya kichwa kimesukwa, na ulikuwa unataka kuteremka, mama yako akakukamata kwa gauni hadi likachanika bega. Ningewazika wawili. Siku zingine naamka nikiwa nimewazika wawili, inabidi nisimame mlangoni mwako nisikilize unavyopumua.

Sasa nataka ukumbuke kitu kimoja ulichokiona na hukukiona. Shabani alikuwa ameshika fimbo. Ile ya mkaratusi, aliyokuwa anachezea kuchunga mbuzi ambao hatukuwa nao. Nilimtoa mle akiwa ameibana mkononi, na walioosha maiti ndio waliomfungua vidole. Watu wote waliiona fimbo na hakuna aliyeuliza. Mimi nilijua. Ua halichumwi kwa fimbo, Salima. Maua yenyewe yalining'inia huku juu ukingoni, angeyafikia kwa kunyoosha mkono, bila kushuka. Mtoto alishuka hadi chini kumtafuta chui. Wewe ulimtuma hadi ukingoni. Kutoka ukingoni kwenda chini, nilimtuma mimi.

Kwenye matanga, shangazi yako mmoja, na hakuwa na ubaya, ni uchungu tu, aliuliza mbele ya mkeka wote: "Nani alimutuma mutoto kule?"

Ukasema, "Ni miye."

Ulikuwa na miaka minane, na gauni la Idi lililochanika bega. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako. Papa Bahati alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na aliniangalia. Alinipa nafasi. Alisubiri. Nami niliangalia miguu yangu. Kisha mtu mmoja akasema ni mapenzi ya Mungu, wengine wakaitikia, na jambo likafungwa na wewe ukiwa ndani yake.

Papa Bahati hakusema kwa mtu yeyote. Mwaka uliofuata alihama, na nimesikia alifariki. Nilidhani nitapumua nikisikia hivyo. Sikupumua.

Watu wanakusifu kwamba huna kiburi. Wanasema, Salima wa fundi hajawahi kumtuma mtoto wa mtu, hata maji anajichotea. Ulipolala na malaria ile mbaya, uliinuka ukishika ukuta kwenda kujiletea kikombe, na binamu zako wote wamekaa pale. Wakati wa mvua unatoka mwenyewe kwenda dukani kwa ajili ya chumvi ya mia mbili. Mama yako mkubwa anakutolea mfano kwa mabinti zake. Mimi nasikia sifa hizo, natafuna, nameza. Najua ni kwa nini hutumi mtu. Nimejua tangu wiki ile. Nilikuwa na neno moja la kukufungua, nikaliacha mdomoni miaka kumi na miwili, kwa sababu niliogopa utakavyoniangalia.

Hilo ndilo kosa langu. Shimo lilikuwa upumbavu, na upumbavu nitaulizwa siku yake. Lakini shimo nililichimba wiki tatu. Kimya hiki nimekichimba kila siku.

Nilitaka kuuchoma mmea ule. Nilishachukua mafuta ya taa. Mama yako alisimama mbele yake akasema, "Muti haikujua kitu." Basi nikaung'oa, nikajaza bonde kwa mawe, nikamimina zege juu, na mmea nikaupanda pale ukutani, juu, penye hewa. Haukuwa na cha kuegemea, nikachomeka ile fimbo. Bado imo humo. Shina limeizunguka limeimeza, huioni tena, lakini ukipapasa katikati utaigusa.

Tangu wakati huo unaniona kila alfajiri natembea uwanjani na mshumaa kwenye fito, nashusha kila pembe, kila mtaro. Unanitania kwamba papa anatafuta franga aliyodondosha. Mara nyingi nikiwa nimeinama nasikia vijiwe vinamwagika nyuma yangu, vile vile, kutoka kwenye shati, na nangoja nione kama nitamfokea. Sijageuka hata siku moja. Ninaogopa nikigeuka havitamwagika tena.

Na kuna uongo mwingine, huu ni mdogo lakini umekaa nao muda mrefu. Unawaambia watu kwamba baridi ya Goma iliushinda mmea wa bibi yako. "Papa anapenda muti yenye haitoake maua." Si kweli. Unatoa maua. Ukuta ule ni mzuri, niliujenga kwa akili yangu yote, na maji ya jua nimeendelea kuupa, sikuweza kuacha. Kila kiangazi unatoa matumba, mwaka wa juzi ulitoa mashada hamsini na zaidi. Nayakwanyua alfajiri, na mshumaa mkononi, kabla hamjaamka. Nayafukia kwenye takataka. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yako na mama yako, msiuone wekundu ule. Nilifanya kwa ajili yangu. Mtu akiliona ua ataanza kuzungumza juu ya siku ile, na siku ile ina maneno ambayo ninayo mimi peke yangu.

Ijumaa nilimwambia mama yako. Yote. Mshumaa wa Papa Bahati, siku tatu, chui. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa mpaka yalipoisha, kisha akayachambua tena. Nilimwambia na ya matumba. Akasema, "Ile ya maua nilijua. Ulifikiri miye ni kipofu? Nani anaendaka kutupa takataka ya hii nyumba?" Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anayaona kwenye pipa na kunyamaza, akidhani ni huzuni tu. Juu ya yale mengine alisema kitu kimoja: "Umuambie mutoto mbele aende. Miye, Mungu atanisaidia." Tangu usiku ule analala chumbani kwako. Ulidhani ni kwa sababu unaondoka. Ni sehemu tu ya sababu. Sijui kama atarudi, na sitamuuliza kabla hajataka kusema.

Nawe sikuombi unisamehe. Nikikuomba hilo leo nitakuwa nakupa mzigo wa kubeba safarini, na mizigo yangu umebeba ya kutosha. Ukitaka kuniandikia, niandikie. Usipotaka, mpigie mama yako simu, nitasikiliza sauti yako kutoka jikoni. Nimejifunza jambo moja tu lenye maana katika miaka hii, na nimelijifunzia kwenye mmea: nilikuwa nauchunga sana usiumie na baridi, kumbe nilichokuwa nachunga ni yale niliyotaka kuyaona. Mmea wenyewe ungeishi pale ukutani tangu mwanzo, ukatoa maua machache kwa wakati wake, na mwanangu angekuwa na miaka kumi na saba, na sauti imeshavunjika.

Kule Kindu utaukuta kila mahali. Kwenye ua wa kituo chako cha afya utakuwepo, nakuhakikishia, na hakuna aliyeupanda. Siku ya kwanza utakapouona umekuwa mwekundu utasimama. Simama. Halafu angalia maua yanavyoning'inia juu, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, na ukumbuke fimbo.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini naandika kwa haraka. Wiki hii sikukwanyua. Alfajiri ya Jumamosi nilikwenda na mshumaa wangu, nikaushusha, haukuzimika, nikasimama mbele ya matumba na mikono yangu mfukoni. Leo, Jumapili, hivyo hivyo. Niliogopa kwamba nikikuandikia barua nitaichana, najijua. Nimechana tatu mwaka huu. Lakini ua siwezi kulirudisha ndani. Jua likizama litafunguka pale ukutani, mkabala na geti, na kitu cha kwanza utakachokiona ukiingia kutoka Mabanga ni weupe wake, na utasimama, na utaniuliza, na nitakuwa nimekosa pa kukimbilia. Nitakuwa nimekaa hapa na karatasi hizi.

Shada moja nimelifunga uzi. Ni lako. Kesho utavuka mpaka, uzunguke nchi za watu ili ufike Kindu, ndani ya nchi yako mwenyewe, kwa kuwa uwanja wetu wa ndege umenyamaza. Umesema ukipata ndege zote vizuri ni siku tatu. Sitalichuma. Nitakaa mbele yake mpaka liwe jekundu, nitaliangalia, sitageuza uso, na likianguka nitaingia ndani kumwambia mama yako kwamba umefika.

Limeanza kulegea sasa, tumba la juu. Nasikia chukudu zinarudi barabarani na Mama Aline anaita watoto wake.

Ukimaliza kusoma, usininyanyukie. Usiende jikoni kujichotea maji, usiinuke kutafuta kitu. Utakuwa umetoka Mabanga, umechoka, na kiu itakuwepo. Kaa kizingitini pale ulipokuwa umekaa siku ile, na uniambie, Papa, kaniletee. Maji, au ua, au chochote. Nimengoja miaka kumi na miwili unitume.

Papa yako